Mkono Uliofunguka Jumamosi

Nianze na ujinga wenyewe, usije ukasema nilikuficha. Jumamosi moja, katikati ya maombi, nilitumia kimashine cha umeme kilichokuwa mfukoni mwangu kukifungua kiganja cha babu yangu kilichopooza, na watu waliokuja kumwombea wakaamini wameona muujiza.

Halafu nikarudia.

Ile ya kwanza ningeweza kuitetea hata mbele ya mwalimu wa nidhamu, na mimi na huyo tunafahamiana vizuri. Ya pili sina utetezi. Ya pili nilikuwa nataka kuona sura zao.

Nyumbani kwetu Nzuguni tupo watatu. Kuna mama, anayefanya kazi masjala kwenye ofisi moja ya mambo ya ardhi. Mchana kutwa anashika majalada ya watu wanaogombania viwanja, na kwa kuwa hao hana ruhusa ya kuwagombeza, anarudi jioni anatugombeza sisi. Nipo mimi, kidato cha tatu, ambaye kila mwalimu anakubali kwamba ningefika mbali kama ningeweza kukaa chini. Siwezi. Nikikaa goti linatikisika, goti likitulia vidole vinagonga meza, vidole vikitulia ujue nimelala au nimepata wazo, na wazo ndilo baya zaidi.

Halafu yupo babu, baba yake mama, Mgogo wa kule Makutupora, ambaye alihamia kwetu bila kupenda. Alikuwa shambani kwake akipogoa zabibu, mkasi ukamdondoka, akainama auokote, na hakuinuka mwenyewe. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala. Mguu ulirudi taratibu, ukawa mguu wa kukokota lakini mguu. Maneno nayo yalirudi, yamelegea kidogo, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Mkono ukagoma.

Na usifikiri ulikuwa umelegea. Ulikuwa umefumba. Ngumi ya saa zote, mchana na usiku. Ukimnyoosha kidole kimoja kimoja vilifunguka kwa shida, ukiachia tu vinarudi ndani kama kichwa cha kobe.

Mtu asiyetujua atasema, si ana wa kushoto? Huyo hajawahi kukaa kwenye ugali na mzee wa Kigogo. Mkono wa kushoto una kazi zake, zinafahamika, na hazifanyiki mezani. Babu alikuwa mtu wa kula na watu. Kule kwake hata mpita njia alikaribishwa kwenye mlenda, mboga yetu inayoteleza. Lakini tangu aje kwetu alikuwa anakula chumbani kwa huo wa kushoto, pazia limeshushwa, peke yake, na hakutaka hata mimi nimwone. Kijiko alikikataa siku ya kwanza. Alisema kijiko ni cha uji. Mama akambembeleza aje sebuleni, hakuna mgeni hapa, sote ni damu yake. Akajibu, "Nitakuja mkono ukifunguka." Ikawa ndiyo imetoka hiyo. Kila jioni mama alipeleka sahani nyuma ya pazia, akarudi kukaa na mimi, na tukala tukisikiliza mtu anayejitahidi kutafuna bila kusikika.

Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inausubiri mkono mmoja.

Lazima niseme pia kwamba mimi na babu ni watani. Hii si tabia mbaya, ni haki ya kuzaliwa nayo. Mjukuu na babu wanataniana akiwa mzima, wanataniana akiwa mgonjwa, na hata siku ya msiba wake wajukuu ndio wanaovaa kofia yake wakaigiza anavyokohoa. Yeye aliniita Kiroboto kwa sababu situlii. Mimi nilimwita Bondia kwa sababu ya ile ngumi. Mama hakupenda. Babu alipenda sana, na alikuwa akiinua ngumi yenyewe kwa mkono wa kushoto na kunitishia nayo.

Kliniki tulikuwa tunakutana na dada mmoja wa mazoezi ya viungo, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wazee wabishi. Siku ya kwanza aliukamata mkono wa babu, akaupapasa kuanzia begani mpaka kwenye kucha, akasema, "Mkono hauna ugonjwa."

Mama akamtazama kama mtu aliyeambiwa jalada lililopotea liko mezani kwake.

"Ugonjwa uko huku juu, kwenye ubongo," yule dada akaendelea. "Huku chini mambo yote mazima. Ndani ya uti wa mgongo, hapa kwenye shingo, kuna chembe za neva. Kila chembe inatoa uzi mrefu unaoshuka mpaka kwenye msuli wake. Hizo ziko hai, zimekaa zinasubiri amri. Aliyeumia ni mtoa amri."

"Kwa hiyo nyumba ina waya," nikasema, "ila yuniti zimeisha."

"Wewe ni nani?"

"Mjukuu."

"Mshike babu yako mkono, mjukuu, na huo mdomo uupumzishe."

Akatoa kimashine kidogo cha kuweza kukaa mfukoni, chenye kigurudumu pembeni na nyaya mbili, na mwisho wa kila waya kibandiko cheusi kinachonata. Akavibandika juu ya mkono wa babu, upande wa nyuma, kati ya kiwiko na kifundo. Akazungusha kigurudumu. Babu akakunja uso. Kisha ngumi ikaanza kufunguka. Si yote: kidole cha kati kilinyanyuka peke yake, kikasimama kama mwanafunzi anayejua jibu. Yule dada akakibandua kibandiko kimoja, akakisogeza pembeni kiasi cha upana wa kidole, akazungusha tena. Safari hii cha kati kilibaki kimelala, kikainuka cha pete.

Mimi nilikuwa nimenyamaza kweli. Mama alithibitisha baadaye kwamba hajawahi kuona.

"Msuli huu mnauona mmoja, lakini ndani umegawanyika," dada akasema. "Zile chembe za mgongoni zimejipanga kwa makundi, na kila kundi linashukia kwenye kipande chake cha msuli. Hapa ni kidole cha kati. Hapa ni cha pete. Kundi la huyu haliendi kwa jirani."

"Kumbe pamepimwa," mama akasema.

"Pamepimwa, mama. Na bikoni za mipaka zimewekwa."

Mama akacheka, kicheko kifupi cha kazini. "Na hakuna waliopewa kiwanja kimoja watu wawili?"

"Wapo, utotoni. Mtoto anapozaliwa, uzi mmoja wa msuli unakuwa umeshikwa na neva zaidi ya moja. Zinagombana. Anavyokua anabaki mmoja, wengine wanajiondoa."

"Bila mahakama?"

"Bila mahakama."

"Hao neva waje ofisini kwetu," mama akasema, "watufundishe kazi."

Tukaruhusiwa kuondoka na kimashine, cha kuazima, maana kulikuwa na wagonjwa wengine wanaokihitaji. Lakini kabla hatujatoka yule dada aliinama mbele ya babu, akamwangalia usoni. "Mzee, umeme peke yake ni kumchezea msuli tu. Kila unapoona umeme unafungua mkono, na wewe uagize ufunguke. Agiza kwa nguvu zako zote, hata kama hakuna anayekusikia. Usipoagiza, ubongo haujifunzi kitu. Na msiache katikati. Kipindi hiki ndicho mkono bado unafundishika, ukipita unakuwa mgumu."

Mama alikuwa kazini siku nzima, kwa hiyo fundi umeme nikawa mimi. Kila nikirudi shule nambandika babu, nazungusha, na yeye anaagiza. Alikuwa anaagiza kwa Kigogo, kwa sauti, kama anaita mbuzi. Mimi nikaanza kujipima mwenyewe. Nilihamisha vibandiko juu ya mkono wangu mpaka nikapajua nyumbani kwa kila kidole, nikaweka alama za kalamu ya wino. Mahali pa kidole gumba palinitesa sana, pako ndani, karibu na kifundo. Shuleni waliniuliza hizi chale ni za nini. Nikasema nimetolewa majini.

Basi. Jumamosi.

Ilikuwa kipupwe, ule upepo wa Dodoma unaoingia kwenye mikono ya shati na kukagua. Babu alikuwa amevaa koti lake zito. Nilikuwa nimeshambandika, nyaya zimepita ndani ya koti, zimetokea pindoni na kuingia mfukoni mwangu, na tumekaa bega kwa bega kwenye kochi, tunataka kuanza, mara hodi. Walikuwa watu wa ushirika wa maombi wa mtaani kwetu, na mbele yao mzee wa kanisa, mzee mpole mwenye suti ya kahawia. Tulikuwa tunawatarajia jioni. Wakaja mchana.

"Mbukwenyi," mzee wa kanisa akamsalimia babu kwa lugha ya kwao, na babu uso ukamfunguka. Mimi nikatoa shikamoo mfululizo bila kuinuka, kwa sababu nikiinuka nang'oka na nyaya. Mama akanikata jicho: mtoto gani huyu hainuki. Sikuweza kueleza. Wakaingia, wakajaa, wakaimba, na mzee wa kanisa akavuta stuli mpaka mbele ya babu, akaishika ile ngumi kwa mikono yake yote miwili, akaanza kuomba.

Maombi yalikuwa marefu. Si kosa lake, alikuwa na mengi ya kusema. Lakini mimi goti lilianza. Nikalibana. Likahamia kwenye vidole, na vidole vilikuwa mfukoni, na mfukoni kulikuwa na kigurudumu. Ninaapa kwamba sikupanga. Yeye alikuwa amefika mahali pa kusema, "Mkono huu, Bwana, ufunguke," kidole changu kikakizungusha.

Ukafunguka.

Ulifunguka ndani ya mikono yake, taratibu, vidole vyote vinne. Mzee wa kanisa akakatiza maombi. Akafumbua macho, akatazama chini, akaondoa mikono yake mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeshika yai la watu. Nikarudisha kigurudumu kwa hofu. Mkono ukajifumba.

Mama mmoja wa kwaya akasema polepole, "Mimi nimeona." Mwingine akasema, "Hata mimi." Mzee wa kanisa akasema, "Tuendelee kuomba," na hapo ndipo nilipofanya ile ya pili. Nilizungusha zaidi. Mkono haukufunguka tu, ulinyanyuka kwenye kifundo, kama mtu anayemzuia mwenzake asivuke barabara. Sura zao niliziona, kama nilivyotaka. Nikaona na ya mama. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu, amejifunika uso kwa kanga, mabega yanaruka, na sauti iliyokuwa inamtoka sijawahi kuisikia, hata bibi alipofariki.

Hapo utani ukaniisha mwilini. Nikazima.

Babu alinigeukia nusu, akanitazama kwa jicho la pembeni, akarudi kuangalia mbele.

Nilitaka kusema palepale. Nitakwambia kwa nini sikusema: kila nilipofungua mdomo kulikuwa na mtu ananikumbatia. Kisha wakaondoka, na mama akaanza kupika kama siku ya sikukuu. Alikuna nazi, sisi ambao mlenda wetu tunaula na karanga. Akaimba, akacheka kwa sauti peke yake jikoni. Akatandika mkeka sebuleni, akaweka sahani ya tatu.

"Baba," akaita, "leo njoo ule na watoto wako."

Babu akaja. Alikuja akikokota mguu, akakaa mkekani kwa shida, na mama akamnawisha mkono wa kulia. Alimnawisha ngumi, maji yakapita juu yake na kutiririka. Ugali ukawekwa katikati, unafuka moshi. Babu akausogeza mkono mpaka karibu na sahani. Akauangalia. Sote tukauangalia. Niliona mshipa umemsimama shingoni, najua alikuwa anaagiza. Ngumi ikabaki ngumi.

"Taratibu, baba," mama akasema. "Utakuja. Tumeshaona."

"Nimeshiba," babu akasema.

Akainuka mwenyewe, akarudi chumbani, pazia likashuka. Mama akabaki anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limesahauliwa usoni, kama taa iliyoachwa ikiwaka mchana. Kisha akaniambia, huku anafunika sahani ya babu, "Jumatatu nikienda kazini nakirudisha kile kimashine."

"Kwa nini, mama?"

"Mungu ameshaugusa mkono. Nikiendelea kumbandika baba yangu umeme, si ni kumwambia sikuona alichofanya?"

Unaelewa sasa. Angekuwa anakirudisha kwa uvivu tu ningebishana naye. Alikuwa anakirudisha kwa shukrani.

Jumapili mama alikwenda kanisani mapema. Babu hakwenda, upepo ulikuwa mkali. Nilizunguka ile nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilifagia uwanja bila kuambiwa, jirani akauliza kama tuna msiba. Mwishowe nikachukua kimashine nikaingia chumbani.

"Babu, leta mkono."

"Sitaki."

"Ulijua jana?"

"Nilihisi siafu," akasema. "Siafu wako nawajua."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Maneno marefu yalikuwa yanamchosha. "Mama yako alicheka. Tangu nije hapa hajacheka vile. Nyamaza na wewe."

"Kesho anakirudisha."

"Kirudi. Nimechoka kuchomekwa kama redio."

"Basi utakula nyuma ya hilo pazia mpaka ufe, Bondia, na mimi nitarithi koti."

"Koti halikutoshi," akasema. "Una mabega ya kunguru."

"Nitalijaza nikila ugali wako, maana wewe kila siku umeshiba."

Hilo lilimuuma. Nilikusudia limuume, utani wenye meno ndio huo. Akaivuta sweta juu kwa mkono wa kushoto na kunisogezea ule wa kulia.

Nikabandika. Tulifanya kidole kimoja kimoja, kwa zile alama zangu. Nazungusha, kinanyanyuka, yeye anaagiza. Nazima, kinalala, namwambia aagize tena bila umeme. Hakuna. Narudia. Hakuna. Kijasho kikamtoka kwenye kipupwe kile. Cha kati, hakuna. Cha shahada, hakuna. Gumba, hata usiulize. Nilianza kufikiria kwamba labda yule dada alitupa moyo tu, kama madaktari wanavyofanya, na goti langu likaanza kurukaruka pembeni ya kitanda mpaka babu akalipiga kibao.

"Tulia, Kiroboto. Nashindwa kusikia."

"Kusikia nini?"

"Mkono."

Nikatulia. Niliuma ulimi ili nitulie. Tulikuwa kwenye kidole cha pete. Nikakinyanyua kwa umeme, nikakiacha kikalala, nikatoa kabisa nyaya kwenye mashine nikazishika juu ili yeye mwenyewe azione. Akaagiza. Hakuita kwa sauti safari hii, alinong'ona, kama mtu anayemwamsha mtoto bila kutaka kumshtua. Na kile kidole kikacheza. Kilicheza kama kope la mtu anayejifanya amelala. Ukipepesa macho hukioni.

"Ni wewe?" babu akauliza.

Nikamwonyesha nyaya zinavyoning'inia.

"Fanya tena," nikasema.

Akafanya tena. Safari hii kilicheza zaidi kidogo. Kisha kikachoka, kikagoma, na yeye akajilaza ukutani akicheka bila sauti, tumbo linaruka.

"Kimoja hakishiki ugali," akasema.

"Ndiyo maana mashine isirudi."

Akafikiri. "Mwambie. Ila mimi sipo, mimi nimelala," akasema, akajigeuzia ukutani, akaanza kukoroma hapohapo, mkoromo wa uongo kabisa.

Mama alirudi amechelewa, ana furaha, wanamtaka Jumapili inayofuata atoe ushuhuda. Akabadilisha nguo akaingia jikoni kusonga ugali. Nikasimama mlangoni. Nikakaa. Nikasimama. Nikaenda kuangalia kama geti limefungwa, lilikuwa limefungwa. Nikarudi.

"Una nini wewe?" akasema bila kugeuka. "Kama unataka chooni, nenda."

"Mama, jana ule mkono ni mimi."

"Wewe ndiye nini?"

"Niliyeufungua. Vibandiko vilikuwa ndani ya koti. Mashine ilikuwa mfukoni mwangu."

Mwiko haukusimama. Aliendelea kusonga. "Usinitanie leo," akasema, kwa utulivu. "Kila siku nakuachia, leo usinitanie."

Nilijua hatanielewa kwa maneno. Nikamwomba mkono. Sijui kwa nini alinipa, labda alitaka nimalize aniadhibu vizuri. Aliunyoosha ule wenye mwiko, nikafuta unga, nikabandika palepale ninapopajua kwa macho yaliyofumbwa, nikazungusha kigurudumu.

Mkono wake ukafunguka. Mwiko ukaanguka, ukagonga sufuria, ukalala sakafuni. Mama aliutazama mkono wake mwenyewe unavyonyanyuka, vidole vimenyooka, unamzuia mtu asivuke. Alijaribu kuufumba. Niliona anajaribu. Kisha nikazima, ukalegea, na yeye akaugeuza huku na huku kama kitu alichookota.

Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

Akazima jiko. Akapita pembeni yangu, akanyanyua pazia la babu. Mkoromo ukasita.

"Baba. Ulijua?"

Babu akageuka. Alijiinua kwa kiwiko. "Nilijua, binti yangu."

"Ukaniacha nipige magoti."

"Ulicheka," babu akasema. "Sikutaka kukunyang'anya."

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyekatwa kamba. Hakulia. Ningependelea alie. Aliangalia ukuta, na mimi nilikuwa mlangoni nikihesabu makosa yangu, nikasikia nasema, "Lakini kuna kidole."

"Kidole gani?"

Babu akautandaza mkono juu ya shuka, upande wa nyuma ukiwa juu. Mimi nikaenda nikaweka kimashine mapajani mwa mama, pamoja na nyaya zake zote, ili ajue kiko wapi. Babu akafumba macho. Akanong'ona. Tukasubiri kiasi kwamba nilisikia bati linavyopigwa na upepo, na televisheni ya jirani. Hakikucheza. Mama akaanza kuinuka, na babu akasema, "Kaa," akanong'ona tena, na kidole cha pete kikajitikisa, kikanyanyuka chembe, kikatetemeka hewani, kikalala.

Mama akaweka kidole chake juu ya kile cha babu. "Tena," akasema.

Kikamsukuma. Nilijua kimemsukuma kwa namna alivyofumba mdomo.

Kisha akaenda jikoni, akaosha mwiko, akamalizia ugali, akarudi na sahani mbili na bakuli moja la mlenda, akaziweka zote sakafuni chumbani kwa babu, akaninawisha mkono wa kushoto. Wa kushoto. Nikamtazama. Babu naye akamtazama.

Akasema, "Kesho mashine haiendi popote, nitapita mwenyewe kumwomba yule dada atuachie. Wewe ukitoka shule unakwenda kwa mzee wa kanisa, na utamwonyesha kwenye mkono wake kama ulivyonionyesha mimi, na akikuombea utakaa chini utulie mpaka amina. Mungu nitaongea naye mimi. Na kuanzia leo unakula humu, kwa mkono huo, na mlenda, mpaka babu yako atakapotoka kula sebuleni kwa mkono wa kulia. Mkitoka, mtoke wote."